Ukimya Alioagiza Elyakim

Elyakim alimwendea dada yake Ketura Jumatatu saa nne asubuhi, saa ambayo kijiji kizima kinajua kwamba lori la maua liko njiani na Ketura hana nafasi hata ya kujikuna. Aliichagua saa hiyo makusudi. Mtu mwenye neno zuri huja jioni, akavuta kiti, akanywa chai. Mwenye neno la aibu huja wakati mwenzake ana mkasi mkononi na mgongo unamuuma, akitumaini ataambiwa "haya, haya" ili aondoke upesi.

Ketura alikuwa amesimama kwenye meza ndefu ya banda la kufungia maua, anakata miguu ya gladioli na kuzifunga kumi kumi. Miaka hamsini na minane, mjane, mfupi, mikono imepasuka kwa maji na dawa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Orna, binti yake wa mwisho, aolewe.

"Dada, habari za kazi."

"Kazi unaiona. Sema."

"Nimezungumza na Rabi Tuvia. Mtu mstaarabu sana yule. Anakusalimu."

"Salamu zimefika. Endelea, maana hukuacha trekta lako shambani ili uniletee salamu."

Rabi Tuvia alikuwa baba wa bwana harusi, mtu wa Yerusalemu, wa familia iliyoshika dini kwa mikono miwili. Elyakim ndiye msimamizi wa sinagogi la kijiji, na kwa kuwa baba yake Orna alishafariki, yeye ndiye angesimama mahali pa baba. Alikohoa. Akashika ua moja, akalirudisha.

"Ni hivi, dada. Kwa wenzetu wale, mwanamume hasikilizi mwanamke akiimba. Ni mambo ya dini. Kwa hiyo nyinyi kina mama mtaimba siku ya hina, mkiwa peke yenu. Au jikoni. Lakini siku ya harusi, pale mbele ya watu, mkae kimya."

Ketura hakuacha kukata. "Rabi ndiye aliyesema hivyo?"

"Hakusema hasa. Aliuliza. Aliuliza kwa adabu kabisa, utaratibu wetu ukoje. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna mwanamke atakayeimba."

"Yeye aliuliza, wewe ukajibu."

"Nilijibu kama msimamizi."

"Ulijibu kwa mdomo wangu."

"Usikuze mambo. Hata mila hatutaitupa. Nimepata bendi, vijana wanne wa kiume, wanaimba nyimbo za kila jamii. Wanachohitaji ni maneno tu. Wape kile kitabu wiki moja, wajifunze nyimbo mbili tatu, kila mtu aridhike."

Hapo mkasi ulisimama.

"Rudia."

"Nasema, kitabu cha bibi. Wiki moja tu. Watakitunza."

"Yaani wimbo wangu ni halali, koo langu ndilo haramu."

"Dada."

"Elyakim, wimbo huo umeusikia ukiwa mgongoni kwangu, huna jino hata moja. Mama alikuwa akiimba sinagogini kule Malabar na baba amesimama hatua tatu kutoka kwake, anatingisha kichwa. Wanaume wote wamesimama, wanaitikia. Kwa hiyo baba alikuwa mwenye dhambi?"

Elyakim alitazama viatu vyake. "Baba hakujua," alisema.

Alisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayemtetea marehemu. Upole huo ndio uliomchoma Ketura kuliko yote. Baba yao, aliyekuwa akisoma Torati kwa moyo bila kufungua kitabu, hakujua. Babu hakujua. Watu waliokaa pwani ya Malabar, kule India, vizazi ambavyo hakuna anayeweza kuvihesabu, wakashika Sabato na kula halali yao na kuzika wafu wao kwa utaratibu, wote walikuwa hawajui, mpaka akazaliwa Elyakim muuza nyanya ambaye rabi wa mjini akimwita "mheshimiwa" anavimba kichwa.

"Ondoka hapa bandani," Ketura alimwambia. "Lori linakuja na mimi nina kitu chenye ncha mkononi."

Kitabu chenyewe mtu asiyekijua angekidharau. Ni daftari nene la karatasi zilizoungua kingo kwa uzee, limevalishwa kitambaa cha pamba kilichoshonwa kwa mkono. Bibi yao Sipora alianza kukiandika akiwa mchumba, kama walivyofanya wasichana wote wa kwao: unakaa na shangazi yako, unanakili nyimbo kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, moja moja, na siku ya kuolewa unatoka na kitabu chako. Wanaume walikuwa na vitabu vya sala. Wanawake walikuwa na hivi. Na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyewaambia waandike nini, waliandika walichotaka. Waliandika nani alitoa taa za shaba za sinagogi, na nani aliahidi kutoa asitoe. Waliandika mwaka wa mafuriko na majina ya watoto waliochukuliwa na maji. Waliandika harusi ya msichana fulani aliyelia njia nzima kwa sababu alimtaka mwingine. Yote hayo kwa vina, na kwa sauti ya kuimbika.

Sipora alikuwa na mkono wa kuchora pia. Nyimbo za harusi alizizungushia maua ya asumini, moja likishikana na jingine ukurasa mzima. Za sikukuu alizichorea taa. Za msiba hakuchora kitu, aliacha pembeni peupe. Ketura alipokuwa mdogo alidhani bibi alichoka. Alipofiwa na mume wake ndipo alipoelewa.

Walipohama Malabar kuja Israeli, Ketura alikuwa na miaka kumi na miwili na ndiye aliyembeba Elyakim. Waliambiwa mizigo imezidi, vitu visivyo na kazi viachwe. Mama yao, Esteri, alikichimbia kitabu katikati ya gunia la mchele, akalala juu ya gunia safari nzima. Walipofika walimwagiwa unga wa kuulia chawa vichwani, kama ng'ombe. Mama, mtu aliyekuwa akipaka nywele zake mafuta ya nazi kila Ijumaa. Kisha wakapandishwa lori na kushushwa kwenye vumbi na mahema, wakaambiwa hapa ni kwenu, limeni. Mwaka ule Ketura aliacha shule kwa sababu kulikuwa na mawe ya kuokota. Ndipo na yeye alipoandika ubeti wake wa kwanza, kwa kalamu ya risasi, nyuma ya kitabu cha bibi:

*Tulifika alfajiri, watoto wakisinzia,*
*akaja bwana mmoja, unga akatumwagia,*
*mama kalinda sanduku, mchele kaulalia,*
*ndani ni kitabu chetu, nani angetudhania.*

Sanduku halikuwepo, lilikuwa gunia. Alipoulizwa na mama yake kwa nini amedanganya, alisema gunia halikuingia vizuri kwenye ubeti. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia basi sasa wewe ni mmoja wetu, na akampa wino.

Kijiji kilipotimiza miaka arobaini, Elyakim na kamati yake walitundika ubao mbele ya sinagogi wenye majina ya waanzilishi. Majina ishirini na sita. Ndevu tupu, hakuna mwanamke. Ketura alipita pale kila siku na kapu lake la maua na hakusema kitu, kwa sababu alijua majina ya wanawake yameandikwa kwingine, kitabuni. Ndiyo maana kuombwa kitabu kulimwuma hivyo. Ni kama mwizi amekuja mlangoni na kuomba ufunguo kwa heshima.

Jioni ile Orna alirudi kutoka chuo cha ualimu, akamkuta mama yake anakata vitunguu kwa nguvu kuliko vitunguu vilivyohitaji.

"Mjomba amekuambia," Orna alisema.

"Na wewe ulijua."

"Nimejua juzi. Mama, nisikilize kabla hujanifokea."

"Sijafoka. Nakata kitunguu."

Orna alikaa. Alikuwa msichana mpole mwenye uso wa baba yake. Yinon, mchumba wake, walikuwa darasa moja, na Ketura hakuwahi kumsikia kijana huyo akisema neno baya juu ya mtu. "Yinon hana shida," alisema. "Amekusikia ukiimba pale bandani, aliniambia ni kitu kizuri kuliko vyote alivyosikia kijijini hapa. Lakini baba yake ana ndugu zake, watakuja watu themanini. Mjomba anasema wakiinuka wote na kutoka nje nitaaibika maisha yangu yote. Mimi nitaishi na watu hao, mama."

"Kwa hiyo unataka ninyamaze."

"Nataka nisigombane na mtu siku ile."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Orna alianza kulia, kimya kimya, bila kufuta machozi. "Nataka uniimbie," alisema. "Tangu mdogo najua utaniimbia. Nimekuona ukiwaimbia mabibi harusi wote. Lakini naogopa. Kwani siwezi kutaka vitu viwili?"

Ketura aliweka kisu chini. Hasira yake ilihama kwa binti ikarudi ilikotoka, ikiwa imenenepa. Mtoto analia wiki tatu kabla ya harusi yake, katika nyumba ambamo mabibi harusi hulia siku moja tu, na hulia kwa kuimbiwa. Na aliyemliza hakumliza kwa ukali wala kwa ubaya. Alimliza kwa kutaka kupendeza wageni.

"Lala," alimwambia. "Sitagombana na mtu. Nakuahidi."

Kesho yake aliwakusanya wanawake waimbaji, wamebaki kumi na mmoja tu, nyumbani kwa Yoheved. Yoheved ana miaka sabini na minne na ndiye anayeshika sauti ya chini. Wakamsikiliza Ketura mpaka mwisho.

"Kukaa kimya kabisa?" Yoheved aliuliza. "Mimi hata nikinunua mkate watu wanasema naimba."

"Kimya kabisa. Hata kikohozi."

"Na kitabu?"

"Kitabu hakitoki. Bendi iimbe inachojua. Elyakim ameagiza ukimya, tutampa ukimya wa kumtosha."

"Ketura, wewe unapanga kitu."

"Sipangi chochote," Ketura alisema, na hakuwa anadanganya. Alikuwa amekasirika mno hata asiweze kupanga. Alichotaka ni wasimame pale wamevaa, waonekane wananyamaza, ili mtu mmoja angalau aone kuna kitu hakipo.

Harusi ilikuwa Jumanne alasiri, uani mwa sinagogi. Kitambaa cha harusi kilitandazwa juu ya fito nne, na Orna alikuwa chini yake, amefunikwa shela, anasubiri. Kutoka pale hadi mlango wa sinagogi lilitandikwa zulia. Wanawake kumi na mmoja walijipanga mistari miwili pande zote za zulia karibu na kitambaa, na mavazi yao ya kwao yenye ukingo wa dhahabu, mikono imefungwa mbele, midomo imebanwa. Ketura alikuwa wa kwanza, kitabu kifuani, kimefungwa. Watu wa Yerusalemu walikaa upande wao, makoti meusi katika joto lile, wanajifuta jasho na kutabasamu. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alikuwa amekwisha kusifia sambusa.

Mlango wa sinagogi ukafunguliwa. Yinon akatokea, mweupe kama karatasi kwa woga, Elyakim amemshika mkono wa kulia, Rabi Tuvia wa kushoto, na nyuma yao wazee wa kijiji wapatao thelathini, wote waliozaliwa Malabar. Bendi ikaanza kupiga. Walipiga vizuri, hilo lazima lisemwe. Spika zilikuwa kubwa, yule mwenye sauti nyembamba akaimba kwa kufumba macho.

Hakuna aliyetembea.

Bendi ikamaliza wimbo. Wakatazamana, wakaanza mwingine. Yinon alisimama. Wazee thelathini walisimama, wametulia, nyuso zimeelekea mbele, kama watu wanaosubiri basi wanalojua litakuja.

"Twende?" Rabi Tuvia aliuliza.

"Ndiyo, ndiyo," Elyakim alijibu, na mguu wake haukuinuka.

Tangu kwao kulipokuwa kwao, bwana harusi hatembei mpaka wanawake wamwite. Ubeti wa kwanza unamtaja yeye, na baba yake, na mama yake, na jina la mama likishatamkwa ndipo mguu wa kwanza huinuka. Hakuna mwanamume aliyewahi kufundishwa aanze lini. Hawakuhitaji kujua, walikuwa wakiambiwa. Miguu yao ilikuwa imesikia wimbo huo harusi zote walizotembea, na sasa ilikuwa inausubiri, na mguu wa Elyakim, aliyeupiga wimbo marufuku kwa mdomo wake mwenyewe, ulikuwa unausubiri pamoja na mingine.

"Mbona hawaanzi?" sauti ya mzee Pinhas ilisikika kutoka nyuma. Pinhas ni kiziwi kidogo, kwa hiyo husikiwa na wote.

"Wamekatazwa," mwenzake alimjibu.

"Na nani?"

"Na Elyakim."

"Yupi, huyu huyu anayesubiri?"

Watu wakaanza kucheka huku na huku. Bendi ilikoma. Elyakim aliuachia mkono wa bwana harusi, akaja zuliani peke yake mpaka kwa dada yake, uso umemwiva.

"Anzeni," alinong'ona.

"Bendi ipo," Ketura alisema.

"Dada, usiniaibishe mbele ya watu."

"Nani amekuaibisha? Nimenyamaza kama ulivyoniagiza. Tangu asubuhi sijaimba hata jikoni."

"Ubeti mmoja tu. Ule wa kwanza. Upesi upesi, hawataelewa."

"Upesi upesi," Ketura alirudia, na hakunong'ona. "Wiki tatu mtoto wangu amelia. Wiki tatu umepita kijijini ukisema tunafanya mambo kama watu waliostaarabika. Sasa unataka niimbe kwa kuiba, kama naiba kuku. Hapana. Rabi alikuuliza utaratibu wetu ukoje. Rudi pale umjibu. Sema kwa sauti ile unayosomea matangazo. Na useme baba alijua."

Elyakim aligeuka. Aliwatazama wanawake wengine kutafuta mwenye huruma, akamwona Yoheved amekaza midomo mpaka kidevu kinatetemeka kwa kicheko. Akamtazama Orna.

"Mjomba," Orna alisema chini ya shela, "kamwambie. Viatu vinanibana."

Alirudi. Njia ile ya hatua ishirini ilimchukua muda. Alipofika alimgeukia Rabi Tuvia na kusema, na sauti haikuwa ya matangazo, lakini ilisikika: "Kwetu wanawake huimba, ndipo wanaume hutembea. Huimba mbele ya wote. Baba yangu alitembea hivyo, na babu yangu." Akatupia jicho zuliani. Ketura hakumwondolea macho. "Na walijua wanachofanya," Elyakim alimalizia.

Rabi Tuvia alimtazama kwa mshangao. "Lakini nilikuuliza, Bwana Elyakim. Nilikuuliza ili nijue. Mbona hukuniambia hivyo?"

Elyakim aliishusha kofia yake hadi machoni. Rabi alifikiri kidogo, mkono kwenye ndevu. "Mimi kwa desturi yangu sitasikiliza," alisema. "Lakini siwezi kufunga mdomo wa nyumba ya wenyewe. Nitapita nyuma, nimkute mwanangu chini ya kitambaa." Akawaonyesha ishara ndugu zake, na wengi wao wakainuka, bila kelele, wakaenda naye kwenye mabanda ya plastiki yanamokuzwa gladioli, kuangalia maua. Wachache walibaki, wakajifanya wanafunga kamba za viatu.

Mzee Pinhas akaja mbele na kushika mkono wa kushoto wa Yinon bila kuombwa.

Mtu angedhani Ketura alifurahi. Hakufurahi hata kidogo. Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja la kweli, siku ileile ya kwanza, na yule mgeni angetafuta pa kusimama kama alivyopatafuta sasa. Machozi yote yale yalimwagika kwa sababu ya mwoga mmoja aliyewaonea haya watu wake kabla ya mgeni kuwaona. Alifungua kitabu akiwa bado na hasira hiyo, na kwa hasira hiyo akaimba.

Aliimba jina la Yinon, na la baba yake aliyekuwa njiani kuelekea kwenye gladioli. Alipofika jina la mama, miguu thelathini na zaidi iliinuka pamoja. Yoheved aliingia na sauti ya chini, wengine wakafuata, na wazee wakaitikia kwa nguvu, Elyakim akiwa wa kwanza kuitikia, kwa sababu aliyajua maneno yote na mdomo ulimtangulia. Orna alikuwa analia chini ya shela, sasa kwa haki yake.

Bwana harusi alifika kwenye kitambaa ubeti wa tatu. Kwa kawaida huishia wa nne, halafu rabi huitwa afungishe ndoa. Ketura alimaliza wa nne, akavuta pumzi, akaingia wa tano, zile beti ndefu ambazo watu huziruka ili chakula kisipoe, zenye majina ya wanawake wote wa nyumba yao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alifanya nini. Elyakim alimtazama kwa macho ya kuomba. Kila mwisho wa ubeti ilimbidi aitikie.

Ubeti wa tisa Yoheved alimwinamia sikioni. "Ketura, rabi wa watu atayeyuka kule ndani ya plastiki."

Ketura alilowesha kidole kwa ulimi, akafunua ukurasa.